Mkuu wa Ulinzi wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Mtu wa kwanza kuyasifu macho yangu Dubai hakuwa msichana, ingawa ningependa sana kusema hivyo. Alikuwa mzee wa Kimarekani aliyekaa na binti yake ghorofa ya kumi na moja, katika jengo la Al Mankhool nililokuwa nikililinda. Siku hiyo aliingia na mifuko miwili ya dukani, nikampisha, nikambonyezea lifti, naye badala ya kuingia akageuka na kuniuliza, "Kwa nini umeniangalia kiunoni?"

Nilishtuka. Malalamiko ya namna hiyo yanaweza kumrudisha mlinzi kwao kabla ya wiki kwisha. Nikamweleza haraka haraka kwamba kazini tulifundishwa hivyo: mtu anaweza kukutengenezea sura yoyote anayotaka, lakini akiwa amebeba kitu kizito au anataka kukimbia, kiuno kitamsema. Mzee akaweka mifuko chini. Lifti ikafunga milango, ikapanda bila yeye.

"Miaka thelathini nimelipwa kuwafundisha watu jambo hilo," alisema. "Wengine walikuwa na magari mawili na bado hawakulielewa. Wewe umewahi kucheza nini?"

"Raga, sir. Shuleni, Kakamega."

"Usiniite sir. Niite Kocha."

Ndivyo ninavyomwita mpaka leo. Jina lake halisi nililiona kwenye orodha ya wapangaji, na nitaliacha humo humo. Alikozaliwa na watu wake sikuwahi kuuliza, wala yeye hakuwahi kuniuliza yangu, na hilo lilinipendeza, maana Dubai kila mtu anakuuliza unatoka wapi kabla hajakuuliza unaitwa nani.

Kazi yake huko kwao ilikuwa ulinzi, basi tukawa watu wa fani moja. Ule mpira wao wa helmeti na mabega ya bandia kila timu ina makundi mawili. Moja linaingia kushambulia likiwa na mpira mkononi, jingine linaingia kumzuia mwenye mpira asipite. Kocha hakulijali kabisa lile kundi la kwanza. Shangwe na picha za magazetini aliwaachia wengine. Yeye alikuwa mwalimu wa wazuiaji katika timu za kulipwa, alianzia chini kabisa, kukata kanda za video kwenye chumba kisicho na dirisha, akapanda ngazi moja moja mpaka akawa mkuu wa ulinzi. Nilipowaeleza wenzangu kambini, tulikolala walinzi, kwamba kuna Mzungu aliyezeeka akiwa mkuu wa ulinzi, walidhani ni wa kampuni kama yetu, wakaniambia nimwombe kazi.

Alifukuzwa mara saba. Alizihesabu kwa vidole bila uchungu wowote, jinsi mtu anavyohesabu watoto wake. Kule kwao, alisema, kocha mkubwa akifukuzwa huondoka na wasaidizi wake wote, hata kama upande wako ndio uliokuwa ukifanya kazi. Mara moja aliisikia habari ya kufukuzwa kwake redioni, akiwa njiani kwenda kazini. Akafika kazini, akamaliza kupanga kanda za wiki ile kwa ajili ya mtu atakayekuja baada yake, ndipo akarudi nyumbani. Walihama nyumba kumi na moja. Marehemu mkewe alifika mahali akachoka kufungua sanduku la sahani nzuri, na alipofariki, mzee na bintiye walizikuta zimefungwa kwa magazeti ya mji waliouhama nyumba nne kabla. Sahani hizo sasa zilikuwa Al Mankhool. Tulizilia biriani ya mkahawa wa chini, kwa mikono, na Kocha alikuwa akisema mkewe angefurahi kuona hatimaye zimepata kazi.

Aliwahi pia kuchukua ubingwa, ule mkubwa. Siku moja nikamwomba anisimulie ilikuwaje. Akanieleza kwa muda mrefu sana habari ya mchezaji wake mmoja aliyesimama hatua mbili mbali na pale alipotakiwa, na jinsi mshambuliaji alivyoteleza kwa bahati, vinginevyo wangefungwa. Nikangoja afike kwenye kombe. Hakufika. Ilibidi bintiye, aliyekuwa mwalimu wa shule ya kimataifa, aniambie jikoni kwamba baada ya mechi ile baba yake alilala ofisini akiirudia kanda.

Alikuja Dubai kumtembelea binti huyo kwa wiki mbili, akakaa miaka. Nadhani alitaka kupumzika na mpira. Lakini shule ya binti ilikuwa na uwanja wa nyasi, na Ijumaa asubuhi, jua halijawa kali, walikuwa wakikutana pale Wamarekani na Wakanada wenye kazi nzuri nzuri, wakicheza ule mpira wao kujikumbusha ujana. Hakukuwa na ligi. Kulikuwa na timu chache tu zilizotafutana kwa simu, na helmeti zilikuwa haba, kiasi kwamba kundi la kushambulia likitoka lilivua helmeti na kulivisha kundi la kuzuia, zikiwa bado zinachuruzika jasho la mtu mwingine. Kocha alikwenda mara moja kutazama. Mara ya pili alikwenda na filimbi.

Hao Wamarekani wote walitaka kushika mpira. Hakuna aliyetaka kuzuia. Kocha akaona hilo ndilo shamba lake, akatafuta wazuiaji wake mlangoni. Alinichukua mimi. Mimi nikamleta Wafula, kijana wa Bungoma aliyekuwa akilinda duka la vifaa vya umeme Al Rigga, mwenye kifua cha kuzuia basi. Mall moja ilitutolea Waganda wawili wakimya. Na Khamis akajileta mwenyewe. Huyu alikuwa Mzanzibari ambaye familia yake imekaa Dubai tangu zamani, mwenye Kiswahili kizuri hata akikutukana unataka arudie. Zamu zetu zilikuwa za saa kumi na mbili kila moja, wengine tukitoka zamu alfajiri na kwenda moja kwa moja uwanjani na viatu kwenye mfuko wa nailoni. Timu nyingine zilituita timu ya mabawabu. Kocha aliposikia aliuliza bawabu ni nini, akaelezwa, akasema, "Sahihi kabisa," na akataka liandikwe kwenye fulana. Tulimkatalia.

Khamis ndiye aliyempa Kocha wazo la kuita mipango yetu kwa Kiswahili ili wapinzani wasiielewe. Mzee akayakariri maneno hayo akitembea kuzunguka jengo jioni, na ungemsikia nje ya duka la dawa akisema peke yake, "Kaba. Rudi. Kushoto. Kulia." Mimi nilicheza ukingo wa kushoto, basi jina langu likawa Kushoto. Kazi yangu ilikuwa moja: mwenye mpira asipite nje yangu. Anaweza kugeuka ndani, huko atakutana na Wafula na atajuta, lakini nje, upande wa mstari, asipite.

Kwenye mkahawa wa Wamalayali, Wahindi wa Kerala, nyuma ya jengo, Kocha alituchezeshea mafunzo kwa glasi za chai. Glasi tupu zilikuwa wapinzani, zenye chai zilikuwa sisi. Mhudumu alikuwa ameshajua kutogusa chochote mpaka mzee aseme khalas, yaani basi. Chai yenyewe, ile ya maziwa na iliki, Kocha aliipenda kwa kiburi cha mtu aliyeivumbua, na alimfundisha namna ya kuichemsha mtu aliyekuwa akiichemsha tangu utotoni. Hapo ndipo penye ukaidi wake wote. Kwenye mengine yote ya maisha ya kawaida alikuwa mwepesi kama mgeni. Alimpisha kila mtu kwenye foleni. Hakuweza kuua mende, alimwita binti. Kuvuka barabara aliogopa, alinishika mkono wa shati kama mtoto. Mzee huyo huyo, ukimpa uwanja na filimbi, angekueleza kwa sauti ya chini kabisa mahali hasa pa kumwekea mtu bega ili asiinuke haraka. Na mtu akiangushwa vibaya, aligeuza uso mpaka asikie amesimama. Sikumsikia hata siku moja akipaza sauti. Wala sifa hakutoa. Ukifanya vizuri alipita kimya akaenda kumrekebisha mwenzako.

Jumamosi tulikutana kwake ghorofa ya kumi na moja, wale tusio zamu, kutazama video aliyoipiga binti akiwa juu ya gari. Kocha alisimamisha picha kila pale tulipopitwa, akaeleza nani alikuwa wapi, halafu akamaliza kwa maneno yale yale: "Kosa langu." Mwanzoni tulidhani ni adabu za Kizungu. Wafula akabisha waziwazi: "Lakini Coach, ni mimi nililala hapo. Nimeona kabisa nikilala." Mzee akatikisa kichwa. Kama mchezaji amelala, alisema, kuna mtu ambaye hakumuuliza jana alifanya kazi saa ngapi. Akatoa kijitabu akaandika. Kuanzia wiki iliyofuata alijua zamu zetu zote kuliko supavaiza wetu, na aliyetoka zamu ya usiku aliwekwa kucheza nusu ya kwanza tu.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana bila hiyo huyu mzee hatajulikana.

Katika jengo lile tuliwaita wapangaji kwa namba za vyumba. Wa 904 alikuwa Mwingereza wa miaka thelathini na kitu, mtu wa benki, mwenye mapaja ya mwendesha baiskeli. Kila asubuhi saa moja na nusu alishuka na begi, nikampisha hatua moja nyuma, nikafungua mlango kwa mkono wa kulia, nikasema, "Good morning, sir." Hakujibu. Simlaumu sana, alikuwa na simu sikioni kila siku. Kwa miezi minane sidhani aliwahi kuiona sura yangu.

Ijumaa moja tulicheza na timu ya upande wa Jumeirah. Mkimbiaji wao alitoka nyuma na mpira, akaja kwangu, nje kabisa kwenye mstari. Nilikuwa nimeshafika. Nilikuwa nimekaa vizuri, magoti yamekunjwa, naona kiuno chake kinakuja. Halafu nikainua macho nikaona sura nyuma ya vyuma vya helmeti. Ilikuwa 904. Miguu yangu, bila kuniuliza, ikarudi hatua moja nyuma, na mkono wa kulia ukafunguka pembeni.

Akapita. Alikwenda mpaka mwisho wa uwanja bila kuguswa.

"Manze!" Wafula alikuwa amepiga magoti kwa kucheka. "Umemfungulia mlango kabisa! Imebaki tu umbonyezee lifti!"

"Ewe bwana wee," Khamis akasema, "yule kapita kwa heshima zote, kama bwana harusi."

Nilicheka nao. Lakini ndani niliungua. Nilikuwa nimekuja Dubai nikiwa mtu niliyeogopwa kwenye raga ya mkoa mzima, na sasa mwili wangu umegeuka mlango bila mimi kujua. Nilisema kimoyomoyo kwamba sitarudi tena kwenye ule uwanja.

Jumamosi video ilipofika pale, sebule ikavunjika kwa kicheko. Kocha akangoja. "Kosa langu," akasema. "Nimemweka mtu mahali pale bila kumuuliza ni nani anakutana naye kila asubuhi."

Jumapili alishuka lobi, akaketi kwenye kochi la wageni na kijitabu chake.  Alikaa saa nzima akiandika, watu wakiingia na kutoka. Alipoinuka alinionyesha ukurasa: mistari midogo midogo, ametia mmoja kila niliporudi hatua nyuma. Ilijaa ukurasa.

"Hapa unafanya kazi yako, na unaifanya vizuri kuliko wengi niliowahi kuwafundisha kazi," alisema. "Sitakuambia uiache. Ninataka tu miguu ijue iko kazi gani."

Ijumaa iliyofuata akawapanga Wamarekani wetu wote kwenye mstari, wahandisi na watu wa mafuta, watu ambao kazini kwao wana watu wa kuwafungulia milango. Akawaambia kila mmoja aje kwangu na mpira, na kabla ya kunifikia aseme, "Good morning." Wa kwanza alisema, nikasita, akapita. Wa pili akapita. Wa tatu nilimshika mguu. Kufika wa sita nilikuwa nikiwaangusha wakiwa bado kwenye "good," na uwanja mzima unacheka, na mimi mwenyewe nacheka chini ya helmeti mpaka machozi. Sijui shule gani inafundisha ukocha wa namna hiyo. Najua nilitoka pale nikiwa mrefu zaidi.

Tulikuwa tumepangiwa kurudiana na timu ile mwisho wa majira ya baridi. Siku moja kabla, Kocha akanichukua mkahawani, na safari hii hakugusa glasi.

"904 anakimbia upande wako tu," alisema. "Ninaweza kumweka Khamis kushoto na wewe ukaenda kulia. Hakuna atakayejua. Ukimwangusha akachukia, mimi sina nguvu na kampuni yako. Nimewauliza watu. Wanaweza kukuondoa jengoni kwa neno moja la mpangaji."

Alikuwa anasema kweli. Visa yangu ilikuwa mkononi mwa kampuni, kampuni ndiyo iliyokuwa kafeel wangu, mdhamini wangu kisheria, na mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu kwa kazi hii. Jengo la Al Mankhool lilikuwa zamu nzuri, kiyoyozi, kivuli, choo cha karibu. Wenzangu waliondolewa kwa makosa madogo kuliko kumgonga mpangaji kwa bega. Nilitazama chai yangu mpaka ikafanya ngozi.

"Unataka nifanye nini, Kocha?"

"Hilo sikuambii," akasema. "Kuna wakati nilikuwa nawaambia watu. Nimeacha."

Nikamwambia anibakishe kushoto.

Siku ya mechi, 904 alikuja kwangu mara ya kwanza katika robo ya pili. Naikumbuka mpaka leo kama ninavyoijua njia ya nyumbani. Alitoka nyuma, akaweka mpira mkono wa nje, nikaona kiuno kinaelekea mstari, nikaenda. Bega langu lilimkuta juu kidogo ya mshipi, tukaruka pamoja, nikasikia pumzi yake ikitoka yote. Mpira ulikwenda peke yake. Nyuma yangu Wafula alikuwa akipiga kelele kama mtu aliyepata mapacha.

Tulikuwa bado chini, mimi juu yake, na vyuma vya helmeti zetu vikikaribiana. Akanitazama. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, alinitazama. Na mimi, shetani gani sijui aliniingia, nikamwambia kwa sauti ile ile ya mlangoni, "Good morning, sir."

Hakuna aliyesikia ila yeye. Niliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Kumgonga ni mchezo, angemeza. Lakini alijua sasa mimi ni nani, na alijua nimemcheka.

Jumapili mchana supavaiza alinipigia. "Pack your things, yaar. Mpangaji amelalamika. Amesema mlinzi hana adabu."

"Amesema nilifanya nini?"

"Amesema hana adabu. Khalas. Kesho unakwenda saiti."

Saiti ilikuwa kule ambako leo wanakuita Jumeirah Village Circle na watu wanapanga vyumba na kuegesha magari. Wakati huo palikuwa mchanga, kreni, na kibanda cha bati ambacho saa saba mchana hukuweza kukiegemea. Nililinda nondo na saruji miezi kumi na minne.

Kocha alichukua lawama yote. Alivaa tai, tai ambayo sikuwahi kuiona, akapanda teksi mpaka ofisi ya kampuni yangu, akakaa kwenye benchi la wanaotafuta kazi kwa saa tatu mpaka akapewa mtu wa kumsikiliza. Akamwambia mpango ulikuwa wake, mlinzi alifuata amri. Yule mtu alimpa maji baridi na akamwambia, kwa heshima kubwa, kwamba haiwezekani. Habari hiyo niliipata kwa binti. Mzee mwenyewe alinijia saitini Ijumaa ile akiwa na nazi mbili na kofia pana, akakaa nami kibandani, akasema neno moja tu: "Kosa langu." Nilitaka kumwambia kuhusu ile salamu.  Lakini alikuwa amechoka kwa joto, uso mwekundu, na mimi nikaona aibu. Nikanyamaza.

Na hapo ndipo tulipoharibikiwa kidogo, yeye na mimi. Jumamosi ya kwanza niliyopata nafasi nilikwenda kutazama video ya mechi ile. Ninakiri, nilikwenda kujitazama. Ilipofika robo ya pili Kocha akabonyeza, ikaruka. Tulitazama mchezo uliotangulia na mchezo uliofuata. Wafula akanung'unika, "Coach, umeruka ile ya Kushoto!" Mzee akajifanya hakusikia. Hakuionyesha siku hiyo wala siku nyingine. Iliniuma kuliko mchanga. Niliona ameamua kwamba jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuyafanya kwa mwili huu halikustahili kutazamwa. Niliendelea kucheza zamu iliporuhusu, alinirekebisha kama wengine, tulikunywa chai. Lakini ile hatukuitaja.

Saiti ikaisha, nikapelekwa hoteli moja Al Rigga, baadaye nikawa supavaiza wa zamu ya mchana. Kazi za Wamarekani wetu zikaanza kuyumba mmoja mmoja, wakaondoka, timu ikakosa watu wa kushambulia. Sisi wazuiaji tulibaki kamili. Khamis alitania kwamba tulikuwa timu pekee duniani isiyoweza kufunga wala kufungwa.

Mara ya mwisho nilimwona alasiri ya mwezi wa pili. Alikuja hotelini akaniulizia mapokezi kwa jina langu kamili. Alikuwa amepungua, na mkononi alikuwa na fimbo aliyoibeba bila kuitumia. Mkataba wa binti ulikuwa umekwisha, walikuwa wanaondoka wiki ile. Nilikuwa na nusu saa ya chakula. Sheria yetu ilikataza kuketi mkahawani na sare. Niliketi naye kwenye meza ya nje.

Hakuzunguka. "Nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Kwa kazi ile ya Al Mankhool. Nilikuwa na watu wa kulipwa, walijua wanachokihatarisha na walilipwa kwacho. Wewe nilikuweka pale kwa ajili ya mchezo wa Ijumaa. Ningekuhamisha kulia na usingeniuliza. Nimeifikiria kila siku."

Nikajionea haya kuliko siku ile aliponipita 904. Huyu mzee alikuwa amebeba kwa miaka mzigo wangu mimi, na mimi nilimwacha aubebe kwa kuogopa fedheha.

"Kocha, hakulalamika kwa sababu nilimwangusha."

"Alilalamika kwa nini?"

"Nilimwambia good morning, sir."

Akaweka kikombe. "Lini?"

"Akiwa chini."

"Na wewe ukiwa wapi?"

"Juu yake."

 Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akavua miwani, akacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama babu yuko salama, na mimi nikacheka naye.

"Nisamehe," nikamwambia tulipotulia. "Nilipaswa kukuambia siku ile kibandani. Uliniuliza nikachagua mwenyewe kubaki kushoto, na nikachagua mwenyewe kumsalimia. Kumwangusha na kuondolewa jengoni, vyote ni vyangu. Ningefanya tena. Usivichukue, Kocha. Naomba uniachie."

 Alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akautazama mtaa. Nilidhani nimemkosea.

"Mguu wako wa kushoto ulichelewa," alisema.

"Nini?"

"Kwenye ile ya 904. Nimeitazama nyumbani zaidi ya mara mia. Bega lilikuwa sawa, kichwa kilikuwa sawa, lakini mguu wa kushoto ulibaki nyuma. Angekuwa mtu mzito zaidi angekuvuka." Alikuwa ameshainuka, anasukuma meza pembeni kwa fimbo. "Simama hapa. Mimi ndiye mwenye mpira."

Nilivua kofia ya kazi nikaiweka juu ya kiti, nikakunja magoti pale pale kwenye lami ya waenda kwa miguu, na watu wa Al Rigga wakatuzunguka na mifuko yao ya dukani. Alikuja kwangu polepole, kikombe kitupu kikiwa mkono wa nje. Alinirudisha mara tatu mpaka mguu ukawahi.